Kwa Nini Tunapindua? Hisabati ya Kuelewa na Hisabati ya Kukariri

Huenda mkashangaa kukuta makala ya hisabati katika gazeti la Chama cha Kiswahili. Msishangae. Lugha ni chombo cha kuelezea kila jambo chini ya jua, na hesabu ni mojawapo. Isitoshe, hapa Isiolo tunahesabu kwa Kiswahili kila siku: dukani, kwenye matatu na katika soko la mifugo. Ni tukiingia darasani tu ndipo hesabu inapogeuka kuwa mgeni wa kutisha. Katika makala haya nataka tujiulize swali moja: je, tunaelewa tunachokifanya, au tunakariri tu? Nitaanza na mifano minne, kisha nitaeleza yale ambayo wataalamu wameona, halafu nitatoa maoni yangu. Mwisho kuna zoezi, kwa hivyo msikimbie.

Kanuni bila sababu

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu jinsi ya kugawanya kwa akisami. Atakujibu mara moja: "Pindua ile ya pili, halafu uzidishe." Sasa muulize: "Kwa nini upindue?" Hapo utaona macho yanapanda darini. Mmoja atasema, "Ndivyo tulivyofundishwa." Mwingine atasema, "We fanya tu, alama utapata."

Mwaka 1976 mtaalamu mmoja Mwingereza, Richard Skemp, aliandika kwamba kuna kuelewa kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni kujua kanuni na kuweza kuitumia bila kujua sababu yake. Aina ya pili ni kujua la kufanya na pia kujua kwa nini. Taabu, alieleza, ni kwamba watu hutumia neno moja kwa mambo haya mawili. Na kweli ni hivyo. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Lakini wengi wetu humaanisha kwamba tumeziona hatua na tunaweza kuzinakili. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kanuni usiyoijua sababu ni nguo ya kuazima: siku ya mtihani mwenyewe huja akaichukua, ukabaki wazi.

Mfano wa kwanza: sukari ya robo

Twende dukani. Mwenye duka ana kilo 3 za sukari na anataka kuzifunga katika pakiti za robo kilo. Atapata pakiti ngapi? Hata mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba kilo moja ina robo nne. Basi kilo tatu zina robo 12. Ndiyo kusema 3 ÷ ¼ = 12. Tazama kilichotokea: tulitaka kugawanya kwa robo, tukajikuta tunazidisha kwa 4. Hiyo nne haikuanguka kutoka mbinguni. Ni idadi ya robo zilizomo ndani ya kilo moja.

Haya, sasa mwenye duka abadilishe nia, afunge pakiti za robo tatu. Robo tunazo 12 tayari, na kila pakiti inakula robo 3. Atapata pakiti 4. Tumezidisha kwa 4, kisha tukagawanya kwa 3. Hiyo ndiyo ¾ iliyopinduliwa ikawa 4/3! Kumbe kupindua si uchawi. Ni kazi mbili za dukani zilizoandikwa kwa mkato.

Utaona pia kwamba tumegawanya na jibu likawa kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo. Wengi hushtuka hapa, maana tumezoea kwamba kugawanya hupunguza na kuzidisha huongeza. Lugha yenyewe inatuchezea kidogo, kwa kuwa neno "kuzidisha" linatufanya tungojee kitu kizidi, ilhali 10 × ½ ni 5 tu. Lakini Kiswahili hicho hicho kina dawa yake, nayo ni neno dogo "ya". Badala ya kusema kumi mara nusu, sema "nusu ya kumi". Sema "robo ya nusu kilo". Ukisema hivyo, jibu linakuja lenyewe: robo ya nusu ni thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane.

Mfano wa pili: bei ya mbuzi

Tuseme mbuzi anauzwa shilingi 5,000. Mvua inanyesha, malisho yanakuwa mazuri, bei inapanda kwa asilimia 20. Baadaye ukame unaingia, bei inashuka kwa asilimia 20. Je, tumerudi 5,000? Wengi watasema ndiyo. Hebu tuhesabu. Asilimia 20 ya 5,000 ni 1,000, kwa hivyo bei ilifika 6,000. Asilimia 20 ya 6,000 ni 1,200, kwa hivyo bei ilishuka hadi 4,800. Shilingi 200 zimekwenda wapi?

Hazikuibwa. Neno "asilimia" lina mia ndani yake, na swali la kuuliza kila mara ni: mia ya nani? Safari ya kwanza tulihesabu juu ya 5,000, safari ya pili juu ya 6,000. Ishirini ni ile ile, lakini kitu kinachohesabiwa kimebadilika.

Jambo hili si la mtihani peke yake. Tuseme mtu amekopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na riba inaongezwa juu ya deni lote. Anayekariri tu atasema mwaka mmoja ni miezi 12, basi riba ni asilimia 120 na deni litakuwa 2,200. Lakini kila mwezi ile mia ni kubwa kuliko ya mwezi uliopita. Baada ya miezi 12 bila kulipa, deni litakuwa kama shilingi 3,138. Tofauti hiyo ya shilingi 938 ni bei ya kutoelewa. Siku hizi mikopo inapatikana kwa kubonyeza simu, na wazazi wengi huwapa watoto wao wa sekondari simu wawasomee masharti. Ni afadhali anayesoma awe anajua mia ni ya nani.

Mfano wa tatu: daftari la madeni

Hasi mara hasi ni chanya. Sote tunaiimba. Lakini inakuwaje mabaya mawili yakazaa zuri? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tulifungue daftari la mwenye duka. Chini ya jina lako ameandika madeni matano ya shilingi 50 kila moja. Hali yako ni hasi 250. Kwa sababu ulimsaidia kushusha mizigo, anayafuta madeni matatu. Kufuta ni kutoa, kwa hivyo ametoa mara 3 kitu ambacho ni hasi 50. Kwa alama tunaandika (−3) × (−50). Umepata hasara? Hasha! Hali yako imepanda kwa shilingi 150, na sasa unadaiwa 100 tu. Kuondolewa deni ni sawa na kupewa pesa. Hiyo ndiyo hasi mara hasi.

Mfano wa nne: boma la mbuzi

Kosa moja linatuandama tangu kidato cha kwanza hadi hesabu za upanuzi tunazosoma mwaka huu. Mtu anaona (a + b)² na anaandika a² + b². Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu, na kesho linarudi.

Chukua kijiti, chora mchangani boma la mraba lenye hatua 10 kila upande. Eneo lake ni hatua za mraba 100. Mifugo imeongezeka, kwa hivyo unarefusha kila upande kwa hatua 3. Sasa boma ni 13 kwa 13, yaani 169. Lakini anayeandika a² + b² atapata 100 na 9, jumla 109. Zile 60 ziko wapi? Tazama mchoro wako. Boma la zamani lipo. Kona mpya ya 3 kwa 3 ipo. Kati yao kuna vipande viwili virefu, kimoja ubavuni na kimoja juu, kila kimoja 10 kwa 3. Hivyo ndivyo 60, na ndiyo ile 2ab tunayoisahau. Mtu aliyewahi kuuona mchoro huu hawezi kuzisahau tena, maana atakuwa amewaacha mbuzi wengi bila mahali pa kulala.

Chenji ya laki moja

Huenda mtu akasema mifano hii ni ya watoto wadogo. Nitawaeleza habari ya rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa sababu gazeti hili hufika hadi nyumbani kwao. Mamake huuza maziwa ya ngamia, na wikendi yeye humsaidia. Mteja akitaka lita 7 kwa shilingi 130 na akitoa noti ya 1,000, huyu dada anarudisha 90 kabla hujafumba macho. Lakini darasani alikuwa amekwisha kata tamaa. "Mimi na hesabu ni paka na panya," alikuwa akisema. "Wacha wenye akili wafanye."

Siku moja katika masomo yetu ya jioni tulipewa 1,000 − 7 × 130. Alitoa 7 kwenye 1,000 akapata 993, akazidisha kwa 130, akaandika 129,090. Mmoja wetu akamwambia, "Hebu fikiria ni maziwa. Mteja amekupa elfu moja kwa lita saba. Utamrudishia laki moja na elfu ishirini na tisa?" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanyamaza, akaifuta, akaandika 90. Hakuna aliyemtajia kanuni ya kuanza na kuzidisha kabla ya kutoa. Aliijua siku zote, ila hakujua kwamba ndiyo hiyo inayotakiwa darasani.

Jambo hili limechunguzwa kwingineko. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi waliofanya Recife, mji wa nchi ya Brazili. Waliwaendea watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni, wakajifanya wateja na kuwauliza bei na chenji. Watoto hao walipata majibu sahihi 98 kati ya kila 100. Baadaye waliwapa watoto wale wale hesabu kama zile zikiwa zimeandikwa kwa alama tu, bila nazi wala machungwa. Sasa walipata kama 37 kati ya 100. Akili zilikuwa zile zile. Kilichopotea ni maana.

Ninaloliona ni hili. Watu wengi tunaowaita wajinga wa hesabu wana hesabu kichwani. Hawajaonyeshwa daraja la kuvuka kutoka sokoni hadi ubaoni. Na mtu asiyeliona daraja hujihukumu mwenyewe, akaanza kuyafuta moja moja mambo aliyotaka kuwa: uhandisi, udaktari, ualimu wa sayansi. Ndiyo maana sioni kama jambo hili ni la mzaha.

Afrika Mashariki imejaribu

Wala si kwamba watu wazima hawajahangaika na jambo hili. Mwaka 1962 walimu na wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika, pamoja na Marekani na Uingereza, walikutana Entebbe, nchini Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Nia ilikuwa njema: mwanafunzi asikariri, bali aone jinsi hisabati ilivyojengwa. Watoto wakaanza kusoma seti na mambo mengine ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyasikia. Hapa Kenya, hisabati hiyo ya kisasa iliondolewa mwaka 1981 baada ya malalamiko mengi. Mimi nadhani kuna funzo hapo. Ukimletea mtu maneno mapya bila vitu anavyovijua, atayakariri maneno hayo kama alivyokariri kanuni za zamani. Maana haiji kwa kubadilisha kitabu peke yake.

Mwaka 1998 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na shirika la Japani la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza katika wilaya 9 za majaribio, kisha ukaenezwa nchi nzima. Mradi huu uliwafundisha walimu waliokuwa tayari kazini. Walihimizwa kutumia shughuli badala ya maelezo matupu, kumweka mwanafunzi katikati ya somo, kufanya majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu. Aidha, mwalimu alitakiwa kupanga somo, kulifundisha, kulitazama lilivyokwenda, kisha kuliboresha. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kimeendeleza kazi hiyo ya kuwapa walimu mafunzo. Kwa hivyo sukari, daftari na kijiti cha mchangani si utoto. Ni vifaa halali kabisa vya hisabati.

Tufanye nini?

Walimu wetu, tusiwaonee. Silabasi ni ndefu, darasa limejaa, na KCSE inakuja na karatasi mbili za hisabati, kila moja saa mbili na nusu. Mwalimu akisimama kueleza kila "kwa nini", hatafika mwisho. Na sisi wanafunzi tuna lawama zetu, maana tunapenda njia ya mkato. Mwalimu akianza kueleza sababu, utasikia nyuma mtu akinong'ona, "Hiyo haitakuja kwenye mtihani."

Lakini hebu tupige hesabu ya muda pia. Kanuni isiyoeleweka hufundishwa kidato cha kwanza, ikarudiwa cha pili, ikarudiwa tena cha tatu, na bado tunaikosea. Dakika kumi za boma la mbuzi zingetuokolea miaka mitatu. Na katika mtihani wa KCSE njia hupewa alama, si jibu pekee. Anayeelewa, hata akisahau kanuni, anaweza kuijenga upya pale pale kwenye kiti chake.

Wala sisemi tuache mazoezi. Mchezaji wa kandanda anaelewa mpira, na bado anakimbia kila asubuhi. Kanuni ni nzuri kwa sababu inaokoa muda, na mtu hawezi kufunga sukari katika pakiti kila akiona akisami. Ninachosema ni kwamba kwanza tuone, kisha tufupishe, halafu tufanye mazoezi mpaka mkono uzoee.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu awe na daftari la "kwa nini". Ukijifunza kanuni, iandike, na chini yake uandike sababu kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa kuiandika, hujaielewa. Pili, katika vikundi vyetu tuelezane kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote tunayoimudu, ndipo tuandike kwa Kiingereza cha mtihani. Kiingereza tutakihitaji, lakini maana haina haja ya kungoja tafsiri. Tatu, tusimcheke anayeuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mara nyingi mwenye kuuliza anauliza kwa niaba ya darasa zima.

Yule rafiki yangu hajawa wa kwanza darasani, nisiwadanganye. Lakini juma lililopita aliinua mkono na kumuuliza mwalimu, "Hiyo logi ya namba ni nini hasa?" Darasa lilinyamaza kimya. Mwalimu akaweka chaki chini, akatabasamu, akasema, "Hilo ndilo swali." Kipindi kile kilikuwa kizuri kuliko vyote vya muhula huu.

Zoezi

1. Nusu kilo ya majani chai itajaza pakiti ngapi za thumuni kilo? Pata jibu bila kupindua, kisha pindua uone kama yanalingana.

2. Shati la shilingi 1,000 limepunguzwa bei kwa asilimia 10, kisha kwa asilimia 10 tena. Je, limepungua kwa asilimia 20? Eleza.

3. Boma ni la mraba. Ukirefusha kila upande uwe mara mbili, miiba ya kuzungushia ua itaongezeka mara ngapi? Na eneo je? Chora kabla ya kujibu.

4. Mwenye duka ana kilo 3 za sukari na pakiti za uzito wa sifuri. Atajaza pakiti ngapi? Tumia jibu lako kueleza kwa nini hatugawanyi kwa sifuri.

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama. Jibu lisilo na "kwa sababu" ndani yake halitasahihishwa!